Laini ya Isongwa Imetulia

Mimi nina hasira za karibu, kila anayenifahamu anajua. Mume wangu Brayson husema nikikasirika hata kuku wanahama uwanja. Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba kwa miezi ile yote niliamka nimeshakasirika, kabla hata sijanawa uso, na wa kulaumiwa alikuwa baba mkwe wangu.

Kazi yangu ni ufundi wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti. Nakaa Mbeya mjini, naangalia laini zote za kampuni yetu kuanzia Chimala hadi milima iliyo juu ya Uyole. Bosi wangu, Justine, yeye yuko Iringa, kwenye chumba chenye skrini ukuta mzima, na kila kifaa chetu kilichofungwa kijijini kina taa yake pale. Taa ikiwa ya kijani, mambo safi. Ikiwa nyekundu, Justine anapiga simu, na Justine hajui kupiga simu kwa upole.

Swichi ya Isongwa ndiyo ilikuwa ugonjwa wangu. Ni kidude tu, ukubwa wa Biblia ya kanisani, kinachopokea faiba kutoka barabarani na kuigawa kwa wateja wa kijiji: zahanati, sekondari, ofisi ya kata na kiwanda cha kufungasha parachichi. Kidude hicho kinataka ukuta mkavu, umeme, na mlango wenye kufuli. Tulipohangaika kutafuta chumba kule kilimani, Brayson akasema, "Si stoo ya baba ipo? Ina umeme, na mzee habanduki nyumbani." Tangu mama mkwe afariki, mzee alikuwa anaishi peke yake. Ofisi ikakubali. Mimi nikanyamaza, na si kawaida yangu kunyamaza.

Maana sisi ni Wanyakyusa, na mzee yule ni wa zamani. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawapishani njiani. Mkamwana hata jina la baba mkwe hataji, ndiyo maana hapa sitalitaja. Tunaita ukutila, yaani kuogopa, lakini ni kuogopa kwa heshima. Wengi siku hizi wameacha, hasa sisi wa mjini. Mchungaji mwenyewe alishasema si lazima. Mzee akamjibu kwamba mchungaji amwozeshe mwanawe kwanza, ndipo aje kumfundisha habari za wakwe.

Basi mimi na diploma yangu ya mawasiliano, nikienda kukagua swichi, ilibidi tusimamishe gari kule chini darajani na kupiga honi. Mzee akisikia honi anaweka ufunguo juu ya jiwe la kunolea pale uani, anashuka zake kwenye shamba la viazi, na huko anakaa mpaka gari liondoke. Miaka yote ya ndoa yangu, uso wake nimeuona vizuri kwenye picha ya harusi tu. Mara nyingine nilikuwa namsikia akikohoa nyuma ya migomba. Kile kikohozi kilikuwa na maana yake: nipo hapa, mkamwana, usigeuke. Nami nilikuwa sigeuki.

Sasa, ugomvi wenyewe. Kila asubuhi jua likichungulia, swichi ya Isongwa inakufa. Vifaa hivi vina tabia moja: ukivichomoa kwenye umeme, kabla havijazimika vinabaki na nguvu kidogo, na nguvu hiyo vinaitumia kutuma ujumbe mmoja kule makao makuu, kwamba nimekatiwa umeme, nakufa. Mafundi tunauita pumzi ya mwisho. Baada ya hapo kimya. Halafu dakika chache tu swichi inawaka tena, kijani kibichi, kana kwamba hakuna lililotokea. Betri ya kuishikilia tuliahidiwa na ofisi, na mpaka leo tunaahidiwa.

Umeme wa kijiji ulikuwa haukatiki. Nilimpigia mhudumu wa zahanati, akaniambia taa zao zinawaka vizuri. Hapo nikajua. Ni mkono wa mtu, na mwenye ufunguo ni mmoja.

"Brayson, mwambie baba yako aache kuchomoa mashine yangu," nilimwambia mume wangu. Yeye ni dereva wa malori ya masafa, siku hiyo alikuwa nyumbani anakula ugali.

Akacheka. "Nitamwambia."

"Unacheka nini? Watu wa parachichi wanatishia kuhama. Justine ananipigia kelele kila siku ya Mungu!"

"Nimesema nitamwambia, mama Ipyana. Mzee ana mambo yake." Akaendelea kucheka na ugali wake mdomoni, na keshoye akapakia mzigo wa Kongo, akaenda zake.

Nikaamua kupambana mwenyewe. Kwanza nilibandika karatasi juu ya plagi, maandishi makubwa: USICHOMOE. Asubuhi yake, pumzi ya mwisho. Nikafikiri labda anataka mahali pa kuchajia simu yake ya tochi, nikamfungia soketi nyingine pembeni, mpya kabisa, yake peke yake. Pumzi ya mwisho. Nikaizungushia plagi utepe wa gundi ya nailoni mpaka ikavimba. Nilipokwenda tena, nilikuta gundi imekatwa kwa kisu, taratibu, na vipande vimekunjwa vizuri juu ya dirisha. Na swichi yenyewe imefutwa vumbi, inang'aa! Mzee mbishi namna gani huyu, jamani? Na siwezi kumwambia neno, yuko shambani ananigeuzia mgongo kwa heshima zote.

Ijumaa ile nikamkomoa. Nikang'oa soketi kutoka usawa wa kiuno, nikaipandisha juu kabisa, karibu na mbao za dari. Waya nikaubana ukutani kwa vibanio, kimoja karibu na kingine, hata kidole kisipite chini yake. Kazi safi. Dereva wetu Ndalahwa alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Huyu ni Msukuma wa bonde la Usangu, kwao wana ng'ombe mpaka unachoka kuwatazama, na mdomo wake haulali.

"Dada," akasema, "huyo mzee umemwekea mtihani."

"Aache utundu. Mzee mzima!"

Jumamosi asubuhi, pumzi ya mwisho. Jumapili, pumzi ya mwisho. Nikajua amepanda juu ya kitu. Nilitamani kulia.

Jumatatu mapema tulikuwa Chimala. Trekta lililokuwa linachimba mfereji wa mpunga lilikata faiba yetu, na mimi nilikuwa ndani ya shimo, tope mpaka magotini, naunga nyuzi moja moja kwenye mashine ya kuungia, Ndalahwa amenishikia mwavuli kwa sababu ya manyunyu. Simu ikaita. Justine. Nikajiandaa kutukanwa.

"Evarista! Hongera mama!"

"Ya nini tena?"

"Isongwa! Leo laini imetulia. Kijani tupu tangu kumekucha, haijayumba hata kidogo. Umemweza mzee wako!"

Nilicheka mpaka nyuzi zikanitoka mkononi. Nikakata simu nikamwambia Ndalahwa, "Umesikia? Amechoka mwenyewe. Si nilikwambia?"

Nilitegemea atanitania. Hakunitania. Alikuwa anatazama ule mpunga, mwavuli umemwinamia upande mmoja.

"Dada, kwetu tukiwa na ng'ombe mkorofi, yule wa kuvunja ua kila siku," akasema, "siku akilala tu bila kuvunja, hatufurahi. Tunaenda kumwangalia."

"Unamwita baba mkwe wangu ng'ombe?"

"Nasema tu."

Nikamwambia ashike mwavuli vizuri anyamaze. Nikachukua uzi mwingine, nikausafisha, nikaukata, nikauweka kwenye mashine. Mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Jumamosi alipanda. Jumapili alipanda. Mtu aliyekata gundi yangu kwa kisu, taratibu hivyo, leo amechoka na nini? Kimya kingi kina mshindo, walisema watu.

Nikampigia Justine. "Hebu fungua Isongwa hapo. Niangalizie joto la swichi."

"Joto la nini? Laini ni nzima."

"Niangalizie, Justine, nakuomba!"

Stoo ile imeshikana na jiko la mzee, ukuta ni mmoja. Kila asubuhi akiwasha kuni, ukuta unapata moto, na swichi ina kipimo chake ndani, inaonyesha. Nilishawahi kuligundua hilo siku nyingi na kulisahau, kwa sababu halikuwa na shida.

"Haya," Justine akasema. "Jana wakati kama huu lilikuwa limeshapanda. Juzi pia. Siku zote linapanda asubuhi."

"Na leo?"

"Leo halijapanda. Liko vilevile lilivyokuwa alfajiri. Ila huko si kuna baridi?"

"Hajawasha moto," nikasema.

"Nani?"

Nikakata simu. Mzee yule bila chai ya asubuhi hasemi hata na Mungu. Brayson husema hivyo. Nikampigia Brayson, simu haipatikani, yuko huko mpakani na foleni zao. Namba ya mzee ninayo, Brayson aliniandikia siku nyingi kwa ajili ya dharura. Sikuwahi kuipiga. Ningeanza kusema nini? Nikaipiga. Ikaita, ikaita, ikakatika yenyewe. Nikapiga tena, na tena. Nilikuwa namwomba Mungu apokee, na wakati huohuo naogopa akipokea nitaongea naye vipi.

Nikampigia jirani yake, Devota. Akapokea kwa kunong'ona, nyuma yake watu wanaimba pambio.

"Niko msibani huku bondeni, mama Ipyana. Kijiji kizima tuko huku, tunazika mchana."

"Na mzee yupo hapo?"

"Hatujamwona. Tulidhani anakuja nyuma, maana marehemu ni rika lake. Kuna nini?"

"Sijui dada. Naomba umtume mtu."

"Kutoka huku kupanda huko ni mwendo. Ngoja nitafute kijana mwenye pikipiki, ila kwa mvua hii ya jana, sijui."

Zilikuwa zimebaki nyuzi chache. Niliziunga namna ninavyojua mwenyewe, nikifokea mashine, nikifokea mvua, nikimfokea Ndalahwa ambaye hakuwa amefanya kosa. Uzi wa mwisho uliposhika, nikafunika kiungo, nikakifunga kwa plastiki, nikatoka shimoni na kuliacha wazi. Justine akapiga.

"Chimala imerudi, safi. Fukieni mje na picha."

"Sifukii. Naenda Isongwa."

"Isongwa kufanya nini? Ndiyo laini pekee isiyo na tatizo leo! Evarista, ukiacha shimo wazi na trekta liko hapo, likikata tena nitaandika jina lako."

"Andika," nikamwambia. "Liandike kwa wino mwekundu." Nikapanda gari.

Sina kumbukumbu nzuri ya ile barabara. Nakumbuka malori kwenye mlima wa Inyala, yamepangana, yanapanda kwa kuvuta miguu, na Ndalahwa anachungulia pembeni apite, anarudi, anachungulia, anarudi. Nakumbuka nikijiambia kwamba ameenda tu kutembea. Ameumwa mafua, amelala. Ameamua kuniheshimu mimi na soketi yangu. Halafu nakumbuka kile kigoda. Mle stoo kulikuwa na kigoda kimoja, cha marehemu mama mkwe, cha miguu mitatu, alikuwa anakalia akimenya viazi. Mguu mmoja ulilegea, mimi mwenyewe niliwahi kukikalia nikayumba. Hakuna kitu kingine mle cha kupandia.

"Ndalahwa," nikasema, "mimi ndiye niliyepandisha ile soketi."

"Najua, dada. Nilikuwepo."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Nilisema umemwekea mtihani." Akabadilisha gia. "Wewe ukiwa na hasira hakuna anayekukataza. Hata Justine hakukatazi, ndiyo maana yuko Iringa."

Siku nyingine ningempiga kofi la utani. Safari hii nilikaa nikitazama mbele tu, machozi yananitoka.

Uyole tukakata kushoto njia ya Tukuyu, kisha tukaacha lami. Mvua ya jana ilikuwa imegeuza njia kuwa sabuni. Kabla ya daraja gari likateleza, likalalia ukingo, magurudumu yakabaki yanazunguka na kurusha tope. Ndalahwa akasema ngoja nitafute mawe. Mimi nilikuwa nimeshavua mabuti ya kazi, maana yalishika udongo mpaka yakawa mazito kama mawe. Nikaanza kupanda pekupeku.

Pale darajani, amini usiamini, nilisimama. Miguu ilisimama yenyewe. Pale ndipo tunapopigia honi, na mimi sina honi. Nilitazama juu kwenye migomba, nikasubiri sijui nini. Jikoni hakukuwa na moshi. Nikajikemea kwa sauti, "Evarista, wewe mpumbavu!" nikakimbia.

Uani kuku walikuwa bado wamefungiwa, wanapiga kelele ndani ya banda. Juu ya jiwe la kunolea hakukuwa na ufunguo. Mlango wa nyumba umerudishiwa. Mlango wa stoo nao umerudishiwa, na ufunguo unaning'inia kwenye kufuli.

"Hodi," nikasema. "Hodi humu!"

Kutoka stoo nikasikia kikohozi.

Kilikuwa chepesi, cha mtu asiye na pumzi, lakini nilikijua. Nipo hapa, mkamwana. Usigeuke. Nilishikilia mwimo wa mlango. Nawaambia ukweli, niliogopa kuingia kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na mimi huwa napanda nguzo kwenye radi. Ningeweza kumsubiri Ndalahwa. Yeye ni mwanamume, tena mgeni, angeingia bila mwiko wowote. Niligeuka kutazama njia, sikumwona. Mzee akakohoa tena, na safari hii kikohozi kikaishia kwenye mlio wa maumivu.

Nikasukuma mlango.

Alikuwa chini sakafuni, amelalia ubavu. Mguu mmoja umelala vibaya, mguu wa mtu haulali hivyo. Kigoda kimepinduka kando yake. Mkononi ameshika mpini wa ufagio, na ukuta mzima chini ya soketi yangu ulikuwa umechubuka, mistari na mistari, pale alipokuwa amelala chini akiuinua ule mpini, akijaribu kuunasa waya avute. Vibanio vyangu havikuachia hata kimoja. Niliwaambia ilikuwa kazi safi.

Alikuwa ameshasikia hatua zangu, akavuta kofia yake akafunika uso. Amevunjika, amekaa kwenye sementi ya baridi tangu alfajiri, na bado ananifunikia uso.

"Baba," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo. Nikapiga magoti.

"Usinitazame, mwanangu," akasema ndani ya kofia. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole, hata sauti sikuwa naijua. "Mwite mtu."

"Watu wako msibani. Niko mimi tu."

Nilivua koti langu nikamfunika. Mikono yake ilikuwa baridi sana. Nikaona nisipopiga kelele nitapasuka, na kelele zikatoka, zile zangu, hasira na kilio pamoja.

"Kwa nini, baba? Nilibandika karatasi! Nikakuwekea soketi yako! Kwa nini unachomoa, unapanda kigoda kibovu, unataka nini kwenye mashine hii?"

"Nilikuwa nakusalimia," akasema.

Sikuelewa. Nikamwinamia.

"Brayson aliniambia," akaendelea kidogo kidogo, anapumzika katikati. "Siku ile mlipoiweka. Nikamuuliza, kidude hiki kinajua nini? Akasema, baba, ukikichomoa tu, mke wangu kule Mbeya anajua papo hapo. Nikasema, kweli? Akasema, kweli, anajua ni wewe." Akahema. "Sisi hatuwezi kusalimiana. Mama yenu alikuwa analeta salamu zako, anapeleka zangu. Sasa hayupo. Nikasema, basi, asubuhi nitamuuliza mkamwana wangu kama ameamka salama. Naichomoa kidogo tu. Halafu nairudisha, isikuharibie kazi."

Isiniharibie kazi, Mungu wangu. Nilikaa chini kwenye sementi. Nilikumbuka asubuhi zote zile, simu inaita, mimi nakaa kitandani namlaani mzee wa watu kabla sijanawa uso.

"Na leo," akasema, "nilipoanguka nikafikiri, nikiichomoa atakuja. Lakini umeiweka juu."

"Nimeiweka juu," nikasema.

"Lakini umekuja."

"Nimekuja kwa sababu hukuichomoa, baba."

Akatoa sauti, na mpaka leo Brayson anabisha nikimwambia ilikuwa kicheko. Uani nikasikia Ndalahwa anaita, na pikipiki ya kijana wa Devota inanguruma bondeni. Nikapaza sauti waje. Wakang'oa mlango wa stoo kwenye bawaba zake, wakaulaza chini, tukamhamishia juu yake taratibu huku akiuma meno. Ile kofia ikadondoka. Kabla sijaona chochote niligeuza macho ukutani, nikafungua kitenge changu kiunoni nilichofunga juu ya suruali ya kazi, nikamfunika nacho uso wote. Alinyoosha mkono akakishika kitenge kisiteleze.

"Twende, dada," Ndalahwa akasema. "Gari limetoka kwenye tope. Tumpeleke hospitali kabla foleni haijatushika Uyole."

"Subirini kidogo."

Nikainua kigoda cha mama mkwe, nikakisimamisha, nikamwambia Ndalahwa akishike ule mguu mbovu. Nikapanda. Nikashika plagi, nikachomoa.

Feni ya swichi ikazunguka, ikapungua, ikanyamaza. Haikupita muda simu yangu ikaita mfukoni, nikaiweka sauti ya nje nikiwa bado juu ya kigoda.

"Evarista!" Justine alikuwa anafoka kutoka Iringa. "Nilisema nini? Isongwa imekata! Imetuma pumzi ya mwisho sasa hivi!"

"Hiyo siyo pumzi ya mwisho, Justine," nikamwambia. "Hiyo ni shikamoo."

Nyuma yangu, juu ya mlango wa stoo, chini ya kitenge changu, mzee akaitika.

"Marahaba, mwanangu."